Kurudi Kuvua Besi kwenye Ziwa Dogo: Mwongozo Kamili kwa Aliyeacha Miaka Mingi

Wanaorudi kuvua samaki aitwaye besi (bass) baada ya kuacha kwa muda mrefu hushindwa kwa namna moja. Wanaitoa fimbo stoo, wanasimama ukingoni, wanarusha chambo mbali kadiri mkono unavyoweza, wanakirudisha mbiombio, wanabadilisha chambo kila baada ya dakika chache. Jua likifika utosini wanarudi mikono mitupu wakisema ziwa limeisha samaki. Mara nyingi besi alikuwa hatua mbili tatu kutoka viatuni mwao, chini ya magugu, na alishawasikia wakija.

Mwongozo huu unamhusu besi wa mdomo mkubwa, ambaye ndiye hasa wa mabwawa na maziwa madogo yenye maji yaliyotulia. Utamjua kwa mstari mweusi wa ubavuni na kwa taya la juu ambalo, mdomo ukifungwa, hupita nyuma ya jicho. Besi wa mdomo mdogo taya lake haliliachi jicho nyuma, ana michirizi ya wima, na hupenda maji baridi yenye mawe. Mengi ya hapa yatamfaa naye, lakini si yote.

## Vitu vya kuandaa

- Fimbo ya nguvu ya kati yenye urefu wa mita 2 hivi, ambayo hupindika zaidi karibu na ncha.
- Rili ya bobini isiyozunguka, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Ndiyo rahisi zaidi kwa mkono uliosahau.
- Mshipi mpya wa nailoni wa kuhimili kilo 4.5 hadi 5.5. Kwenye pakiti nyingi utaona pauni 10 au 12.
- Ndoano pana za kuvishia minyoo ya mpira, namba 3/0, zenye kipinda kidogo karibu na tundu.
- Minyoo ya mpira ya sentimita 12 hadi 15, rangi mbili: kijani cha majani makavu, na nyeusi.
- Machubwi yenye tundu katikati na ncha iliyochongoka, ya gramu 5 hadi 7.
- Chambo kimoja cha visahani vinavyozunguka, na chura mmoja wa mpira wa kuelea.
- Koleo la mdomo mrefu, kikata mshipi, kofia, na miwani ya jua inayoondoa mng'ao wa maji.
- Jaketi la kuokolea maisha, ukiingia kwenye chombo chochote kinachoelea.

Sijataja mashua, na sijataja sanduku la vyambo arobaini. Kwenye ziwa dogo, miguu inakufikisha pengi kuliko makasia, na vyambo vingi vinakupa sababu ya kubadilisha badala ya kuvua.

## Hatua ya 1: Ulizia sheria za ziwa hilo

Fanya hivi kabla ya kugusa fimbo. Sheria ulizozijua zamani huenda zimebadilika: leseni, urefu wa samaki unaoruhusiwa kubeba, idadi kwa siku, miezi ya kufungwa, na kama chambo hai kinakubalika. Maziwa madogo mengi pia yana mwenyewe, na kibali cha serikali hakikupi ruhusa ya kukanyaga ardhi ya mtu.

## Hatua ya 2: Kagua fimbo na rili

Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Nyuzi zikinasa, pete hiyo ina ufa au mkwaruzo, na mkwaruzo huo utaukwangua mshipi mpya kila unapourusha. Pete ya namna hiyo hubadilishwa, haipigwi msasa.

Zungusha mkono wa rili polepole. Ukiwa mzito, grisi imeganda: ifungue, ifute, weka grisi mpya kidogo kwenye meno na tone la mafuta kwenye kigurudumu kinachopitisha mshipi. Kigurudumu hicho kikigoma kuzunguka, mshipi utajisokota.

Mwisho jaribu breki, sehemu ya rili inayoachia mshipi utoke samaki anapovuta kwa nguvu. Rili iliyohifadhiwa ikiwa imekazwa hubana visahani vyake vya ndani mpaka vinashikamana. Legeza breki kabisa, kisha vuta mshipi kwa mkono. Unatakiwa utoke kwa ulaini. Ukitoka kwa kushtuka-shtuka, visahani vimekufa, vibadilishe. Samaki mkubwa hukata mshipi palepale breki inaposita.

Fungua na sanduku la vyambo pia. Minyoo laini iliyolala miaka pamoja na vyambo vya plastiki ngumu huenda imeyeyuka na kugandana navyo. Ndoano zenye kutu tupa, hata kama chambo chenyewe bado kinang'aa.

## Hatua ya 3: Tupa mshipi wa zamani

Hapa ndipo watu wanaponibishia. Mshipi unaonekana mzima, kwa nini kuutupa? Kwa sababu nailoni huchoshwa na jua na joto bila kuonyesha alama yoyote, na ikikaa kwenye bobini muda mrefu hushika umbo la viduara. Mshipi wa viduara hauruki mbali, hauonyeshi samaki anapogusa, na fundo lake hukatika kwa mvuto mdogo.

Kuujaza mpya:

1. Fungua waya wa rili kwanza (ule uliopinda, unaouongoza mshipi kwenye bobini), ndipo ufunge mshipi kwenye bobini. Ukisahau, utajaza mita mia moja na kugundua kwamba haiwezi kurushwa.
2. Laza pakiti ya mshipi sakafuni, lebo ikitazama juu. Ushike mshipi kwa kitambaa kibichi ili uwe na mkazo.
3. Zungusha mara kumi na tano hivi, kisha ulegeze. Ukijisokota, geuza pakiti upande wa pili na uendelee.
4. Simama mshipi ukifika milimita 2 au 3 kabla ya ukingo wa bobini. Ukizidisha, unamwagika kwa mafungu. Ukipunguza, chambo hakifiki.

Sasa kaza breki. Kiasi kinachofaa ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 4.5, breki ianze kuachia kwenye mvuto wa kilo 1.1 hadi 1.5. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta, na rekebisha. Utashangaa jinsi inavyohisi legevu. Iache hivyohivyo.

## Hatua ya 4: Rudia fundo moja mpaka ulifunge gizani

Mafundo ni mengi. Linaloitwa Palomar linatosha kwa kila kitu kilichotajwa hapa.

1. Kunja sentimita 15 za mwisho wa mshipi ziwe mbili.
2. Pitisha kitanzi hicho kwenye tundu la ndoano.
3. Funga fundo la kawaida kwa mshipi huo wa mara mbili, bila kulikaza. Ndoano inaning'inia katikati.
4. Pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi kilichobaki.
5. Lowesha kwa mate au maji, kisha vuta ncha zote mbili polepole mpaka likae. Kata mkia ubakize milimita 3.

Kulowesha si mbwembwe. Fundo kavu likikazwa husuguana na kupata joto, na nailoni iliyopata joto imeshapoteza nguvu kabla samaki hajaiona. Fundo zuri lina mikunjo iliyolala sambamba. Ukiona mikunjo imepandana, kata ufunge upya. Nasa ndoano kwenye kitu kigumu, si kidoleni, na uvute kwa nguvu: bora likatike nyumbani.

## Hatua ya 5: Vika mnyoo wa mpira bila kuonyesha ncha

Mtindo huu, ambao wavuvi wa besi huuita wa Texas, ndio unaokuwezesha kuingiza ndoano ndani ya magugu na kuitoa bila kunasa.

Pitisha mshipi kwenye chubwi kwanza, ncha iliyochongoka ikitazama upande wa fimbo, kisha funga ndoano. Choma ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha mnyoo, nusu sentimita ndani, uitokeze ubavuni. Vuta ndoano mpaka kichwa kikae kwenye kile kipinda karibu na tundu, halafu igeuze nusu duara ili ncha ielekee mwilini. Laza ndoano kando ya mnyoo uone kiuno cha ndoano, pale inapopinda kurudi juu, kinaangukia wapi. Choma hapo, moja kwa moja hadi upande wa pili, kisha rudisha ncha ijifiche chini ya ngozi ya juu tu ya mpira.

Ning'iniza mnyoo mbele ya macho. Ukinyooka, umefaulu. Ukijikunja hata kidogo, toa uchome tena, kwa sababu mnyoo uliopinda huzunguka majini na kusokota mshipi. Hauna pia sura ya kitu kinacholiwa.

Palipo na kina kifupi cha mita moja na nusu au pungufu, toa chubwi kabisa. Mnyoo mtupu huzama polepole na kujitingisha wenyewe. Mimi nikiambiwa nichague chambo kimoja tu cha ziwa dogo, ni huo.

## Hatua ya 6: Rusha kwanza nchi kavu

Funga chubwi bila ndoano, weka ndoo uwanjani, hatua kumi na tano kutoka uliposimama. Rusha mpaka uwe unaigonga au kuikaribia mara nyingi.

Jifunze kupunguza kasi kwa kugusa ukingo wa bobini kwa kidole chambo kinapokaribia kutua, kisha funga waya wa rili kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha hendeli. Kidole kinafanya chambo kitue bila kishindo. Kufunga kwa mkono kunazuia mikunjo ambayo baadaye hugeuka kuwa kile kiota cha ndege cha mshipi uliosokotana unachokikumbuka vizuri.

Umbali usikusumbue. Ukiweza kuangusha chambo ndani ya upana wa beseni, umeshawapita wengi wanaorusha mita hamsini.

## Hatua ya 7: Chagua saa

Besi huvizia, na mwanga hafifu humpa faida juu ya samaki wadogo. Alfajiri na jioni ndizo saa zake. Siku ya mawingu huzirefusha.

Joto la maji lina uzito wake pia. Kati ya nyuzi 18 na 27 anakula kwa bidii. Chini ya nyuzi 10 anapooza, nawe lazima upunguze mwendo wa chambo mpaka uchoke kusubiri. Maji yakiwa ya moto mno, mtafute kwenye kivuli au kina, au uvue kabla jua halijapanda.

Maji yanapopanda kufikia nyuzi 15 hadi 20 baada ya baridi, besi hutaga. Utaona mabaka ya duara, meupe kuliko sakafu, kwenye maji mafupi: hivyo ni viota, na dume hubaki kulinda. Atauma chochote kinachosogea, kwa hiyo kumkamata hapo hakuhitaji ustadi. Ukimwondoa, wadogo wanaokula mayai wanaingia mara moja. Mwache, na kama amenasa kwa bahati mbaya, mrudishe palepale.

Radi ikisikika, ondoka ukingoni, hata kama iko mbali. Fimbo nyingi za kisasa zina nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Tazama pia nyaya zinazopita juu kabla ya kuinua fimbo.

## Hatua ya 8: Lisome ziwa kabla ya kurusha

Fika, acha fimbo chini, zunguka na miwani yako. Tembea polepole, mbali kidogo na maji, jua lisitupe kivuli chako ziwani. Mtetemo wa hatua nzito hufika majini, na besi wa maji mafupi huondoka bila kuaga.

Unatafuta mahali pa kuvizia. Besi hana mbio za masafa marefu. Anajificha kando ya kitu, chakula kinapita, anaruka mara moja. Kwa hiyo maji matupu ya katikati, yale yanayokuvutia urushe mbali, mara nyingi ni matupu kweli. Tazama haya:

Ukingo wa magugu. Pale magugu, matete au mayungiyungi yanapokoma na maji wazi kuanza. Pazuri zaidi ni kwenye kona, tundu au ulimi unaojitokeza, maana samaki wadogo hulazimika kupita hapo.

Mti ulioanguka. Anza na ncha za matawi zilizo mbali, kisha usogee kuelekea shina. Ukianza shinani, samaki utakayemnasa atawafukuza wengine wote akitoka.

Kivuli. Gati, daraja, mti ulioinamia maji. Jua likiwa kali, mstari kati ya kivuli na mwanga una thamani kuliko ziwa zima lililobaki.

Kina kinapobadilika. Kwenye bwawa lililojengwa, maji marefu kwa kawaida yako karibu na ukuta. Rasi ndogo ya ardhi inayoingia majini huendelea chini kama mgongo, na besi hukaa ubavuni mwake.

Upande unaopigwa na upepo. Wengi huukimbia kwa sababu kurusha ni taabu. Upepo husukuma vijidudu huko, samaki wadogo hufuata, na besi huwafuata hao. Mawimbi madogo pia huvunja mwanga asikuone.

Samaki wadogo wakiruka kwa kundi, kuna anayewafukuza. Yangeyange aliyesimama kimya naye hakusimama bure.

## Hatua ya 9: Vua karibu kwanza, na vua polepole

Mrusho wa kwanza usielekee katikati. Simama hatua chache nyuma ya maji, rusha sambamba na ukingo, chambo kipite mita moja au mbili kutoka nchi kavu. Kisha fungua mirusho kama feni, kidogokidogo kuelekea nje.

Chambo kikigusa maji, usizungushe rili. Acha kizame mshipi ukiwa umelegea kiasi, na macho yako yawe pale mshipi unapoingia majini. Besi wengi humchukua mnyoo unapozama, na dalili ya pekee unayoipata huwa kwenye mshipi.

Ukifika chini, inua ncha ya fimbo taratibu kutoka usawa wa kiuno hadi usawa wa macho, usimame, uishushe huku ukikusanya mshipi uliolegea. Fimbo ndiyo inayosogeza chambo, rili kazi yake ni kukusanya tu. Hili likikaa mkononi, umeshapona ugonjwa mkubwa wa wanaorudi. Ukidhani unakwenda polepole vya kutosha, punguza tena.

Besi anaposhika, huenda ukahisi "tuk" moja kavu. Huenda pia usihisi kitu, ila mshipi unahama upande, au unaacha kuzama kabla ya wakati, au chambo kinakuwa kizito kama kilichobeba matope. Midono mingi midogo ya harakaharaka huwa ni ya samaki wadogo wanaovuta mkia wa mnyoo.

Chambo cha visahani kitumie upepo ukivuma au maji yakiwa na tope, pale unapotaka kupekua eneo kubwa upesi. Chura wa mpira ni wa juu ya magugu yaliyofunika maji. Maji yatalipuka naye atatoweka, na mkono utataka kuvuta papo hapo: ngoja mpaka uhisi uzito. Kuhusu rangi sina mengi. Maji maangavu, kijani. Maji ya tope au giza, nyeusi.

Chambo kikinasa, legeza mshipi, tikisa ncha ya fimbo, sogea uvute kutoka upande mwingine. Usivute kwa nguvu ukiwa umesimama mkabala na mshipi. Chubwi likichomoka hurudi usoni kwa kasi ya jiwe la kombeo.

## Hatua ya 10: Kaza ndoano, umlete

Ukihisi besi, shusha ncha ya fimbo, kusanya mshipi uliolegea, kisha inua fimbo kwa nguvu moja. Ncha imefichwa ndani ya mpira, kwa hiyo inahitaji msukumo ili itoboe. Lakini usikawie ukisubiri ameze, ndoano itashuka kooni.

Mshipi usilegee hata mara moja. Fimbo iwe imepinda, breki ifanye kazi yake, na usizungushe rili wakati samaki anachukua mshipi, unausokota bure. Akikimbilia magugu, elekeza fimbo upande wa pili. Akipanda kuruka, inamisha ncha ya fimbo karibu na maji: besi hutingisha kichwa hewani, na hapo ndipo wengi huitema ndoano.

## Hatua ya 11: Mshike vizuri

Lowesha mikono kwanza, maana ute wa ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Bana taya la chini kwa kidole gumba ndani na cha shahada nje. Meno yake ni kama msasa, hayatakukata, lakini tazama ndoano iko wapi kabla ya kuingiza kidole.

Mning'inize wima, au mlaze kwa mkono wa pili chini ya tumbo. Kumshika taya peke yake huku mwili umelala mlalo, kama wanavyopenda wapiga picha, huumiza taya la samaki mzito. Vidole visiingie kwenye matamvua.

Toa ndoano kwa koleo kwa kuirudisha ilikoingilia. Ikiwa imefika kooni na unataka kumwachia, kata mshipi karibu na mdomo badala ya kuchimba. Asikae nje ya maji zaidi ya muda unaoweza wewe kubana pumzi, na maji yakiwa ya moto fupisha zaidi, kwa kuwa oksijeni huwa kidogo. Mrudishe akiwa wima, mshikilie mpaka ajitoe mwenyewe.

## Ukirudi mikono mitupu

Usibadilishe kila kitu kwa mpigo. Kwanza badilisha saa, kama ulivua mchana. Kisha badilisha kina, toa chubwi au ongeza. Halafu ndipo ubadilishe mahali. Rangi na aina ya chambo ziwe za mwisho kabisa, ingawa ndizo zinazotuvutia zaidi dukani.

Andika kwenye simu saa, upepo ulikovumia, na mahali palipokupa hata mguso mmoja. Mahali pazuri pa kuvizia hupata mkaazi mwingine aliyepo akiondoka, kwa hiyo patembelee tena.

Kabla ya kuondoka, kata mita moja ya mwisho ya mshipi iliyosuguana na matawi, ibebe nyumbani pamoja na minyoo iliyochanika, na kagua kama vyombo vyako vimeshika vipande vya magugu ambavyo hutaki kuvipeleka kwenye ziwa jingine. Futa fimbo, kausha rili, na legeza breki.